Karai la Kando ya Njia

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Mwanza kwa barabara hana budi kupita katika Mkoa wa Singida. Nchi hii iko katikati ya Tanzania. Ni nchi ya juu, yenye upepo mwingi na majabali makubwa, na mvua yake ni haba, maana hunyesha kwa msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Wenyeji wake, yaani Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo wa Manyoni na wengineo, walijifunza zamani kuishi na uhaba huo. Hulima mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua; hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku; tena hutundika mizinga ya nyuki mitini. Siku hizi hulima pia alizeti na vitunguu kwa wingi, na mazao hayo huuzwa mpaka miji ya mbali.

Basi la abiria lisimamapo mjini Singida, au katika vituo vidogo vya njiani, jambo la kwanza limfikialo msafiri ni harufu ya kitunguu na kuku vikikaangwa kwa mafuta ya alizeti. Akitazama ataona vibanda vya mbao na mabati, na mbele ya kila kibanda jiko lenye moto mkali, na juu ya jiko karai. Nyuma ya karai amesimama mpishi, mwiko mkononi, macho yake mara yatazama mafuta, mara yatazama njia. Wengi wa wapishi hawa ni akina mama. Watu huwaita mama lishe. Tena liko jina jingine, mama ntilie, lililotokana na maneno ya wateja wenyewe wanyoshao sahani na kusema, "Mama, nitilie!"

Watu wengi hula katika vibanda hivi, wakalipa, wakaenda zao, wala wasidhani kwamba wameona elimu yoyote. Lakini ndani ya karai lile mna elimu nyingi. Katika somo hili tutatazama mambo matatu: jinsi chakula kinavyokaangwa, sababu ya kukikaanga upesi hivyo, na jinsi upesi huo unavyoweza kumsaidia mpishi mwenye mali kidogo kuwa mtu mwaminifu.

CHAKULA CHA WASAFIRI

Kuwauzia wasafiri chakula si jambo la jana. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo hupita upande wa kusini wa nchi ya Singida, katika stesheni za Saranda, Manyoni na Itigi. Saranda ilipata sifa miongoni mwa abiria wa garimoshi kwa ajili ya vyakula viuzwavyo pale. Garimoshi likisimama, wauzaji huja wamebeba vyano na mabakuli, na abiria hununua kupitia madirishani.

Barabara nazo zilipotengenezwa, na mabasi yakawa mengi, kazi ile ile ilihamia katika vituo vya mabasi. Desturi yake ni moja. Mteja ni mgeni, hajulikani jina lake, ana njaa na haraka. Dereva amesema, "Dakika kumi na tano tu!" Katika dakika hizo abiria anataka kunawa, kula, kulipa na kurudi kitini mwake. Mpishi asiyeweza kumpa chakula cha moto katika muda huo hatapata fedha yake, maana basi halimngoji mtu.

KUKU NA ALIZETI

Chakula kilicholeta sifa ya Singida ni kuku wa kienyeji. Kuku huyu hafungiwi bandani mchana. Huzurura uani na mashambani, akijitafutia wadudu, majani na punje zilizomwagika. Kwa kuwa hutembea sana na hukua polepole, nyama yake ni ngumu kidogo, lakini ina ladha nzuri. Magari huwachukua kuku hao katika matenga mpaka Dodoma na Dar es Salaam.

Kuku ni mali ya nyumba. Mama mwenye kuku kumi ana ada ya shule, ana dawa ya mtoto, na ana kitoweo cha mgeni. Lakini mali hiyo yaweza kupotea kwa juma moja tu, ukiingia ugonjwa wa mdondo. Kuku hupumua kwa shida, hugeuza shingo, huharisha, kisha hufa mmoja baada ya mwingine, na kijiji kizima hubaki bila jogoo wa kuwika. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, ila chanjo ya kuuzuia iko. Kuku mzima hutiwa tone moja la chanjo jichoni, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Basi kuku umwonaye karaini alikwisha kulindwa kwanza na mtu fulani kijijini.

Mafuta nayo hutoka katika mashamba ya mkoa ule ule. Asili ya alizeti ni Marekani ya Kaskazini. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16. Baadaye Warusi waliilima sana, wakaifanya zao la mafuta, na mwishowe ikafika Afrika ya Mashariki. Iliipenda nchi ya Singida kwa sababu mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, hata haifi upesi mvua ikikatika. Mbegu husagwa na kukamuliwa kwa mashine. Mafuta hutoka upande mmoja, na makapi yaitwayo mashudu hutoka upande wa pili. Mashudu hayatupwi, ni chakula cha mifugo. Hivyo hakuna kinachopotea.

KWA NINI HUCHEMSHWA KWANZA

Asubuhi mpishi huchinja kuku, huwanyonyoa, huwakata vipande, na kuwachemsha kwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Nyama ya kuku wa kienyeji ikitupwa mbichi katika mafuta ya moto, itaungua nje na ndani itabaki ngumu. Kwa hiyo huchemshwa mpaka ilainike, ndipo hukaangwa.

Hapa wanafunzi na waangalie jambo moja la ajabu. Tunafundishwa kwamba maji huchemka katika joto la digrii 100. Maneno hayo ni kweli kwa watu wa Tanga au Dar es Salaam, wakaao kando ya bahari. Lakini mji wa Singida uko juu, kadiri ya meta 1,500 kupita usawa wa bahari. Huko juu hewa hukandamiza kwa nguvu iliyopungua, na maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, yaani katika joto la digrii 95 hivi. Maji yakisha kuchemka hayapati joto zaidi, hata ukiongeza kuni. Ndiyo maana maharage na nyama ngumu hukawia kuiva Singida kuliko pwani. Mpishi hufunika chungu kwa kawa ili joto lisipotee, na kuni zisiliwe bure.

Mafuta hayafuati sheria hiyo ya maji. Yanaweza kupata joto la digrii 180 yakiwa yametulia kimya. Kwa hiyo karai hufanya kazi ambayo chungu cha maji hakiwezi kuifanya: huipa nyama rangi ya kahawia, ukavu wa nje, na ile harufu inayomwita msafiri. Nyama iliyochemshwa tu haigeuki kahawia hata ikikaa motoni kutwa, maana joto la maji halitoshi.

SIRI YA KARAI

Jina la karai lilitoka Bara Hindi, na chombo chenyewe kimezoewa katika majiko yetu tangu siku nyingi. Tazama umbo lake. Halina kitako bapa kama sufuria. Limeviringika kama nusu ya mpira. Umbo hilo lina faida. Mafuta hukusanyika katikati, hivyo hata mafuta kidogo yanatosha kukaangia. Tena chini kabisa ndipo penye moto mkali, na kandokando joto hupungua. Mpishi akiona kipande kimoja kimeiva, hukisukuma pembeni kikae na joto lake, huku kingine kikishuka mahali penye moto.

Mpishi hujuaje kwamba mafuta yamekuwa tayari? Hutia kipande chembamba cha kitunguu. Kikizama na kukaa kimya, mafuta bado ni baridi. Kikielea mara moja huku povu likikizunguka, wakati umewadia. Mafuta yakianza kutoa moshi, yamepita kiasi, na moto upunguzwe.

Lile povu si mafuta yanayochemka. Ni maji yaliyomo ndani ya chakula. Yakikutana na joto kali hugeuka mvuke, nao hutoka kwa nguvu ukiyasukuma mafuta nje. Kama mafuta yana joto la kutosha, mvuke huyazuia yasiingie, na chakula hutoka kikavu na chepesi. Kama mafuta ni baridi, mvuke ni dhaifu, mafuta huingia, na chakula hutoka kizito, kikichuruzika. Kwa hiyo mpishi anayeogopa kuwasha moto vema, akidhani anaokoa mkaa, hupoteza mafuta, ambayo ni ghali kuliko mkaa.

Pembeni ya kuku mama lishe hupika mboga. Hapo ndipo upesi wake huonekana zaidi. Kabla ya kuinjika karai, amekwisha kukata kila kitu: kitunguu, nyanya, pilipili hoho, karoti, na kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Hutia mafuta kidogo, kisha kitunguu, kisha vile vigumu, na mwisho vile laini. Mwiko haupumziki, hugeuza, hugeuza tena, na katika dakika chache mboga imeiva, nayo ingali ina rangi yake. Kijana wa kibanda cha pili hufanya vivyo hivyo kwa viazi na mayai, chakula kiitwacho chipsi mayai. Siri ya wote wawili ni kwamba kisu hufanya kazi ndefu kabla ya moto, ili moto ufanye kazi fupi.

WENZAO WA CANTON

Si Watanzania peke yao waliogundua siri hiyo. Mbali sana, kusini mwa nchi ya China, uko mji mkubwa wa bandari uitwao Guangzhou, ambao Wazungu waliuita Canton. Watu wa huko wana karai lao la chuma, lililoviringika kama letu, nao huliita wok. Wamesifiwa duniani kote kwa ufundi wa kukaanga upesi. Hukata nyama na mboga vipande vidogo, hukoleza moto mpaka karai litoe moshi, hutia chakula, hukirusha juu na kukidaka, na kwa muda wa dakika mbili au tatu sahani iko tayari. Wana neno lao, wok hei, maana yake pumzi ya karai, yaani ile harufu na ladha ambayo chakula hupata katika moto mkali tu. Hukaanga tambi pana za mchele pamoja na nyama ya ng'ombe, au kome wa baharini pamoja na pilipili na soya nyeusi iliyochachushwa.

Kwa nini wenzetu hao walichagua njia hiyo? Moja katika sababu zake twaifahamu sisi vizuri: kuni. Chakula kilichokatwa vidogo huiva upesi, na kinachoiva upesi hula kuni chache. Watu wengi wakiishi pamoja na miti ikiwa haba, kisu huokoa msitu.

Jirani na Canton uko mji wa Hong Kong, uliotawaliwa na Waingereza hata mwaka 1997. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Serikali ya huko iliwapa leseni za vibanda vya chakula jamaa za watumishi wake waliouawa au kujeruhiwa, ili wapate riziki. Karatasi ya leseni ilikuwa kubwa, nayo ilipaswa kutundikwa mahali pa kuonekana. Kwa hiyo watu waliviita vibanda hivyo dai pai dong, maana yake vibanda vya leseni kubwa. Baadaye Serikali iliacha kutoa leseni mpya, na vibanda vikapungua mpaka vikabaki vichache tu, navyo watu huvipenda kama kumbukumbu ya wazee wao.

Wapishi wa kando ya njia kwetu pia wanajua thamani ya karatasi. Mtu asiye na kibali hulala na wasiwasi, maana kesho aweza kuambiwa, "Ondoa vyombo vyako." Mwezi wa Desemba mwaka 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wafanya biashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, ili wasisumbuliwe katika kazi yao. Kwa hiyo mwenye karai wa Canton na mwenye karai wa Singida wangeweza kuelewana bila mkalimani: moto mkali, kisu kikali, mteja mwenye haraka, na karatasi ya kukupa haki ya kusimama hapo ulipo.

HESABU YA VIPANDE VINNE

Sasa tufanye hesabu, ili tuone ugumu wa kazi hii. Tuseme mama mmoja amenunua kuku 5, kila mmoja kwa shilingi 18,000. Hiyo ni shilingi 90,000. Amenunua mafuta lita 3 kwa shilingi 15,000, mkaa kwa shilingi 4,000, na vitunguu, nyanya, ndimu na viungo kwa shilingi 6,000. Jumla ametoa shilingi 115,000. Ugali tuuache, ili hesabu iwe nyepesi.

Kila kuku hukatwa vipande vikubwa 4. Basi ana vipande 20. Akiuza kila kipande kwa shilingi 7,000, atapata shilingi 140,000, na faida yake ni shilingi 25,000. Hapo atafurahi. Lakini tuseme basi moja limeharibika njiani halikufika, na vipande 4 vimebaki. Sasa ameuza vipande 16, amepata shilingi 112,000. Amepoteza shilingi 3,000, na jua limekwisha kutua.

Fikirini vizuri. Vipande vinne tu vimegeuza faida kuwa hasara. Vipande hivyo viko mbele yake katika bakuli. Nyumbani watoto wanangoja. Moyo wamwambia, "Vifunike. Kesho uvikaange tena kwa moto mkali, utie pilipili na ndimu nyingi. Nani atajua? Mteja ni mgeni, atakuwa amekwisha kufika Mwanza." Hilo ndilo jaribu la mpishi wa njiani, nalo ni gumu kwa sababu amwuziaye hatamwona tena.

Kumbe ubaya hauondoki kwa moto wa kesho. Vijidudu vikikaa katika chakula chenye joto la vuguvugu huongezeka sana, na baadhi yake huacha sumu isiyoharibiwa na moto. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe wazi katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Tena kingojacho mteja kiwekwe katika moto, joto lake lipite digrii 60. Mgonjwa wa tumbo ndani ya basi, mbali na hospitali, yumo hatarini kweli, hasa akiwa mtoto mdogo.

Je, mama huyu afanye nini? Hapa elimu ya karai humjia kuwa msaada. Kuku aliye hai ni ghala isiyooza. Mpishi mwenye akili hachinji kuku wote asubuhi. Huchinja wachache, huwachemsha, na kukaanga kipande pale tu mteja anapofika, maana kukaanga huchukua dakika chache. Akiona mabasi yanakuja kwa wingi, huchinja mwingine. Turudi katika hesabu yetu. Kama angalichinja kuku 4 tu, gharama yake ingalikuwa shilingi 97,000. Kwa wateja wale wale 16 angalipata shilingi 112,000, yaani faida ya shilingi 15,000. Na kuku wa tano angalikuwa yu hai, amefungwa mguu chini ya meza, akingoja kesho.

Basi upesi wa karai si kwa ajili ya haraka ya msafiri tu. Humwezesha mpishi kungoja. Na mpishi awezaye kungoja hana haja ya kuuza kilicholala. Wazee walisema, akiba haiozi. Na mama huyu ameifanya akiba yake iwe kuku mwenye pumzi.

MAJI, MAFUTA NA MOTO

Yako mambo mengine matatu ambayo mpishi mwaminifu huyachunga.

La kwanza ni maji. Kando ya mji wa Singida yako maziwa mawili, Singidani na Kindai. Mgeni akiyaona hudhani mji una maji tele. Lakini maji ya maziwa hayo ni ya chumvi, hayafai kunywa wala kupikia. Maji mema hutoka visimani na katika mabomba, na wakati wa kiangazi dumu la maji ni kitu cha thamani. Hata hivyo mpishi hawezi kuyabania maji ya kunawa. Huweka jagi na beseni, humwagia mteja maji mikononi, na husuuza sahani kwa maji safi, asizichovye zote katika ndoo moja tangu asubuhi hata jioni.

Sababu yake ni kubwa. Mwaka 1854, katika mji wa London, daktari John Snow aliwachunguza watu waliokufa kwa kipindupindu, akaona kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu ukaondolewa. Hivyo watu walianza kufahamu kwamba kipindupindu huja kwa maji machafu. Katika Tanzania ugonjwa huo umerudi mara nyingi. Mwaka 2015 ulianza Dar es Salaam ukaenea katika mikoa mingi. Ukifika mji fulani, mara nyingi vibanda vya chakula hufungwa kwa amri. Kwa hiyo mpishi mmoja mchafu huweza kuwafungia riziki wapishi mia walio safi.

La pili ni mafuta. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa meusi, hutoa povu zito na harufu mbaya, wala hayafai tena kwa afya ya mwili. Mpishi mwema huyachuja yakipoa, huyaweka mbali na jua, na yakigeuka rangi huyatupa, ingawa roho inamwuma.

La tatu ni moto. Mafuta ya karai yakiwaka, usiyamwagie maji kamwe! Maji yatazama, yatageuka mvuke kwa ghafula, na kuyarusha mafuta yenye moto juu ya watu. Funika karai kwa kifuniko cha chuma, uzime jiko ukiweza, usilibebe karai. Moto usiopata hewa hufa wenyewe. Mtoto anayelijua jambo hili aweza kuokoa nyumba.

Na moto huo hutoka wapi? Kwa wengi bado hutoka katika mkaa na kuni, na miti ya Singida hukua polepole kwa sababu ya mvua kidogo. Moshi nao huumiza macho na vifua vya akina mama wanaousimamia kutwa. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitoa mkakati wa miaka kumi, ili ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya watu wapike kwa nishati safi, kama vile gesi na umeme. Baadhi ya wapishi wamekwisha kununua majiko ya gesi, nao huyapenda kwa sababu moto wake hukolezwa na kupunguzwa kwa kidole tu. Wengine bado hawana fedha za kuyanunua na kuyajaza.

WAJIBU WA ALAYE

Wanafunzi, tumesema mengi juu ya wajibu wa mpishi. Lakini alaye naye ana wajibu. Usimdharau mama aliyesimama katika moshi, ukamwita kwa kupiga kidole mezani. Mwamkie, "Shikamoo, mama," kama umwamkiavyo mama yako. Nawa mikono kabla hajakuambia. Chagua kibanda chenye maji ya kunawia na chakula kilichofunikwa, hata kama bei yake imezidi kidogo, maana ukimpa fedha yako mpishi safi unamsaidia kuushinda mchafu. Lipa kabla ya kupanda basi. Wako watu hukimbia na deni wakijua kwamba basi linaondoka. Mtu kama huyo ameiba kipande kimoja, nawe sasa wajua jinsi vipande vichache vinavyoweza kuliangusha kapu zima la faida.

Na wewe usaidiaye jikoni nyumbani, anza leo. Noa kisu, kata mboga zote kwanza, ndipo uwashe moto. Utaona kuni zilizobaki, na utaona jinsi mboga zinavyopendeza sahanini.

MASWALI

1. Kwa nini kuku wa kienyeji huchemshwa kabla ya kukaangwa?
2. Maji huchemka katika joto gani mjini Singida? Eleza sababu yake.
3. Umbo la karai lina faida gani?
4. Wapishi wa Canton na wa Singida wanafanana katika mambo gani?
5. Kama mama wa hesabu yetu angaliuza vipande 17 katika 20, angalipata faida au hasara? Ya shilingi ngapi?
6. Mafuta yakiwaka karaini utafanya nini?
7. Andika barua fupi kwa ndugu yako anayetaka kufungua kibanda cha chakula, umshauri mambo matatu.